Maji ya Buluu Kwenye Balkoni

Mama yangu hawezi kuona maji yamekaa wazi. Sisemi hapendi, nasema hawezi. Akiingia nyumba ya mtu akakuta jagi mezani halina kifuniko, atatafuta sahani, atatafuta kitambaa, na akikosa vyote ataweka kiganja chake juu ya jagi huku anaendelea kuwasalimia wenyeji. Nimekulia kwenye hilo. Ila ukikaa Marekani miaka mingi, ukazoea kunywa maji ya bomba ukiwa umesimama kwenye sinki, unasahau kwamba kuna mtu duniani anayelala vibaya kwa sababu ndoo haina kifuniko.

Alikuja kutoka Dodoma mwezi wa nne, kuniona nikimaliza shahada ya uzamivu. Nilimpokea uwanja wa ndege wa Dulles akiwa kwenye kiti cha magurudumu, magoti yake yamevimba, amekasirika na ndege, na mkanda wa kiti, na chakula chao. Kabla hatujafika kwenye gari alishatoa tamko. "Hii ndiyo ya kwanza na ya mwisho," alisema. "Nikuone unapita mbele ya watu na joho lako, niondoke. Huku sirudi tena, na usije ukanibembeleza."

Sikubishana naye. Nilijua hatorudi. Daktari wake alishamwambia mambo ya damu kuganda miguuni, na yeye akaongezea ya kwake. Kwa hiyo mahafali hayo yalikuwa ndiyo hayo, hakuna mengine. Tasnifu yangu ilikuwa imebaki sura moja tu, na tarehe ya kudifendi, yaani kuitetea mbele ya walimu, ilikuwa imepangwa.

Kamati nayo ilikuwa imeshaundwa. Watanzania wa huku hawawezi kumwacha mtu amalize shule kimyakimya. Mwenyekiti anaishi Landover, katibu anatokea Manassas, na kati yao hakuna aliyewahi kuniuliza ninasomea nini. Waliniuliza ninataka mapambo ya rangi gani. Nilipojibu kwamba sijamaliza sura ya mwisho, katibu aliniambia nisiwe na wasiwasi, MC ameshapatikana.

Wachache waliouliza ninasomea nini nilikuwa nawaambia ninatengeneza unga wa kusafisha maji kwa jua, wakasema hongera, wakahamia kwenye pilau. Ukweli wenyewe si mgumu hivyo. Unga ule ulikuwa mseto wa vitu viwili. Cha kwanza ni mkaa niliochoma kutokana na magunzi ya mahindi. Cha pili ni titani, ile nyeupe wanayotia kwenye rangi za ukuta na kwenye mafuta ya kujikinga na jua. Kazi ya mkaa ni kuushika uchafu ulio ndani ya maji na kuusogeza karibu. Kazi ya titani ni kuutafuna. Jua likiipiga titani inaamka, inauvunjavunja ule uchafu mpaka hakuna kinachobaki, na unga unakuwa tayari kufanya kazi tena. Hapo ndipo raha ya kitu chote ilipokuwa. Unga unaojisafisha wenyewe kwa jua. Na mimi natoka Dodoma, jua ndicho kitu ambacho hatujawahi kupungukiwa.

Maabara tulikuwa tunatumia taa. Msimamizi wangu, mzee mmoja Mmarekani mpole anayekula karanga siku nzima, alitaka sura ya mwisho iwe ya jua la kweli. Niliomba kutumia paa la jengo letu, ofisi ya usalama wakanikatalia kwa sababu mafundi walikuwa wanaziba mahali panapovuja. Nikaomba ua wa nyuma, wakasema ua una utaratibu wake. Nilipouliza utaratibu huo ni upi, wakanielekeza kwa mtu aliyekuwa likizo. Nilichoka. Nilimwambia msimamizi kwamba nyumba ninayopanga Hyattsville ina balkoni, inatazama kusini, jua linaipiga kutwa nzima. Akatafuna karanga zake, akafikiri, akasema sawa.

Basi nikapanga chupa za kioo za mdomo mpana kwenye balkoni, zimejaa maji niliyochota mtoni, nimeyatia unga wangu na rangi ya buluu ya kujaribia. Tunatumia rangi kwa sababu inaonekana. Unga ukifanya kazi, buluu inapotea, na mashine ya maabara inakuambia imepotea kwa kiasi gani. Kila chupa niliibandika karatasi imeandikwa USINYWE, kwa ajili ya mama.

"Nani atakunywa maji ya buluu?" mama aliuliza.

Jioni ya kwanza narudi nakuta chupa zote zimevalishwa foili ya jikoni. Na hakufunika midomo tu. Upepo ulikuwa unapeperusha vifuniko vidogo, kwa hiyo alikuwa amezifunga kuanzia juu mpaka kwenye kitako, akazikaza vizuri, kama kuku anayeingia kwenye oveni.

"Mama, haya maji yanatakiwa yaone jua."

"Yatakuwa machafu."

"Ni machafu tayari. Nimeyachafua mimi mwenyewe, kwa makusudi."

Akaniangalia, akaangalia zile chupa. "Ndiyo mnachosoma huko?"

Nikamweleza upya, kwa utaratibu, kuhusu jua, titani, sura ya mwisho na mahafali. Nikamwambia akizifunika nitafeli. Akasema, "Haya, nimesikia." Mtu yeyote aliyelelewa na mama yangu anajua kwamba nimesikia maana yake ni nimesikia tu.

Baada ya hapo kila jioni nilizikuta chupa ziko wazi. Nilikuwa nachota kidogo kutoka kila moja, asubuhi napanda basi na vichupa vyangu mpaka chuoni, naviweka kwenye mashine. Majibu yalikuwa mazuri ajabu. Buluu ilikuwa inapotea chupa baada ya chupa. Ikaja siku ya mawingu, buluu ikapotea. Ikaja siku ya mvua, ile mvua ya Maryland inayokaa kutwa kama mgeni asiyeaga, na bado buluu ikapotea. Mtu mwenye akili zake angejiuliza. Mimi nilimwandikia msimamizi kwamba unga wetu una nguvu kiasi kwamba hata mwanga wa mawingu unautosha. Aliuchapisha ule mchoro wa matokeo akaubandika kwenye mlango wa ofisi yake. Mwenyekiti wa kamati, sijui alipata wapi habari, akautangazia umma kwenye kundi la WhatsApp kwamba binti yetu amegundua dawa ya maji. Watu wakamwaga makopa na bendera.

Aliyenitoa gizani ni mwenzangu tuliyekuwa tunachangia nyumba, Mkenya wa Nakuru, anayetunza wazee usiku na kulala mchana. Jumamosi moja aliamka alasiri, akaja jikoni na macho mekundu, akajimiminia chai, akaegemea friji.

"Wewe," akaniambia, "hiyo kazi yako ya maji ni ya jua ama ni ya giza?"

"Ya jua."

"Sasa mbona mamako hufunika hizo chupa zote ukishatoka? Anazifunga na foili mpaka chini, halafu jioni ukikaribia anafunua. Mimi nilidhani mmeelewana."

Mama alikuwa kwenye jiko, anakoroga mlenda. Mwiko ukasimama. Hakugeuka.

"Mama," nikasema.

"Lile vumbi la njano," akasema, bado amenipa mgongo. "Wewe hulioni? Linaingia mpaka kwenye sukari. Nimekaa humu ndani naliangalia linaangukia kazi ya mtoto wangu, ninyamaze?"

Ilikuwa chavua ya miti. Kila masika miti ya huku inamwaga unga wa njano kila mahali, magari yote ya Hyattsville yanageuka rangi moja. Kwa hilo hakuwa amekosea. Ila nilitamani kulia. Mama hapigiwi kelele, kwa hiyo nilienda kwenye sinki nikaanza kuosha vyombo vilivyokuwa safi, navigonganisha. Mkenya alichukua chai yake akarudi chumbani.

Nikiwa na sahani mkononi ndipo liliponijia lile swali. Kama chupa zimekaa gizani siku zote hizo, nani aliyesafisha maji?

Nilienda maabara siku ileile, na Jumamosi mabasi yanakuja yanapojisikia. Nilichukua unga uliotoka kwenye zile chupa, nikaumwagia spiriti, nikatikisa. Kama rangi ilikuwa imetafunwa, spiriti ingebaki nyeupe kama ilivyo, maana kusingekuwa na kitu cha kutoa. Ikawa buluu. Haikuwa buluu ya kubabaisha, ilikuwa buluu ya wino. Rangi yote niliyodhani imepotea ilikuwa imejificha ndani ya mkaa wangu wa magunzi, salama salimini.

Nikajipa moyo kwamba hiyo ni balkoni tu. Nikafungua kabati, nikatoa unga wa majaribio ya taa, yale yaliyojaza sura zote za mwanzo. Nao nikautia spiriti. Buluu. Nikajaribu mwingine, na mwingine. Kila uliopita kwenye mkono wangu ulitapika buluu.

Niliona tatizo liko wapi, na nilipoliona nilitaka kujizaba kofi. Sisi wa kazi hii, kabla hatujawasha taa, tunayaacha maji na unga gizani kwa nusu saa, ili mkaa ushike unachoweza kushika na ushibe. Baada ya hapo kinachopotea tunasema kimetafunwa. Kila mtu anafanya nusu saa, nami nikafanya nusu saa, kwa sababu ndiyo desturi. Lakini mkaa wa magunzi una vijitundu vya ndani sana. Nusu saa kwake ni salamu. Ulikuwa unaendelea kunyonya polepole kutwa nzima, taa ikiwaka au isiwake, na titani yangu ikiwa pale inasinzia. Miaka yangu yote nilikuwa nimetengeneza sifongo.

Nilikaa kwenye kiti cha maabara nikafanya hesabu za kibinadamu. Hakuna aliyeniomba nitie spiriti. Walimu watakaoniuliza maswali hawakuwa na habari na balkoni yangu wala na foili. Ningekaa kimya ningedifendi, ningevaa joho, mama angeniona akaondoka na roho yake imetulia. Nilitaka kunyamaza. Nasema wazi, nilitaka sana. Kilichonikera ni kwamba nilikuwa naujua mwisho wake. Ule unga ungesifiwa kwenye makaratasi, siku moja mtu mwenye nia njema angeupeleka mahali kama kwetu, wakautia kwenye tangi la shule wakingoja jua lifanye kazi. Ukishashiba ungeacha kusafisha, na hakuna ambaye angejua. Halafu lile tope lenye sumu yote ndani wangelimwaga nyuma ya jiko, kuku wakapekua.

Jumatatu nikamweleza msimamizi. Alisikiliza, akaacha kutafuna. Aliniuliza kama tunaweza kuiondoa sura ya balkoni tukaendelea na zilizobaki. Nikamwonyesha vichupa vya spiriti vya majaribio ya taa, vimejipanga, vyote vya buluu. Kisha akaenda mlangoni, akautoa ule mchoro taratibu, akaukunja, akasema tutaahirisha. Hakunifokea. Afadhali angenifokea, na mimi ningepata pa kumwaga hasira zangu.

Kumwambia mama ndiyo ilikuwa kazi.

"Mwaka huu simalizi," nilimwambia. Alikuwa amekaa kwenye kochi, miguu juu ya stuli.

"Kwa sababu ya foili."

"Hapana. Foili imenionyesha kosa ambalo lilikuwepo toka zamani."

"Kama nisingefunika, ungelijua?"

"Nisingelijua."

"Na ungemaliza?"

Hapo ndipo mama yangu anaponishinda kila siku. Unampa maelezo marefu, yeye anachomoa uzi mmoja tu. Nilikuwa nimechoka, nimekasirikia mkaa, ofisi ya usalama, nusu saa, kila kitu. "Ndiyo, mama. Ningemaliza."

Akashusha miguu kwenye stuli, mmoja mmoja. "Basi ni mimi," akasema.

Nilijaribu kulirekebisha hilo kwa njia zote. Nilimwambia ameniokoa na aibu. Nikamwambia angekuwa mwanafunzi wangu ningempa alama zote. Akasema, "Haya, nimesikia." Wiki zilizobaki hakufunika tena kitu. Jagi lilikaa mezani wazi, ndoo ya bafuni wazi, sufuria ya maji ya kunywa aliyoyachemsha mwenyewe wazi, na chavua inaelea juu yake. Aliyekuwa anatafuta sahani za kufunikia ni mimi, tena kwa hasira. Nilikuwa namwambia, "Mama, funika maji," naye anajibu, "Sitaki kuharibu."

Mtu angedhani kamati wangenihurumia. Nilimpigia mwenyekiti nikamwambia hakuna mahafali. Akaniuliza kama nimewaambia na wapishi. Ukumbi wa kanisa umeshakodiwa, sare zimeshashonwa, keki imeshaagizwa. Kwa hiyo sherehe ikafanyika vilevile, ikabadilishwa jina, ikawa shukrani kwa hatua aliyofikia. Nilikaa meza kuu, nimevaa kitenge, mbele yangu keki yenye kidoli kilichovaa joho. MC alisema binti yetu ni mkweli kuliko wote, watu wakapiga vigelegele, na mimi nilitamani sakafu ya kanisa ifunguke nizame. Mama alicheza akiwa amekaa. Alipopewa kipaza sauti aseme neno, aliwashukuru wote, kisha akasema mwanangu angekuwa amemaliza, ni mimi nilimwingilia kazi. Akarudisha kipaza sauti. Ukumbi wote ukanigeukia.

Nilimrudisha Dulles mwezi wa sita. Kwenye foleni aliniambia nisimsindikize na uso ule, watu watadhani kuna msiba. Nilimwinamia kwenye kiti chake cha magurudumu, akanishika shingo kwa mikono yake yote miwili. "Nilitaka kukuona," akasema. Mhudumu akamsukuma, wakaingia ndani.

Kazi niliianza upya. Nilipunguza mkaa, nikaongeza titani, na nikawa nayaacha maji gizani usiku kucha kabla ya kugusa swichi ya taa. Matokeo yakawa ya unyonge, mchoro wa kuaibisha ukilinganisha na ule wa mlangoni. Ila nikitia spiriti, inabaki nyeupe. Msimamizi hakuubandika popote. Alisaini tasnifu.

Siku ya mahafali yenyewe, mwaka uliofuata, nilimpa Mkenya simu akae kwenye viti vya watazamaji, ampigie mama kwa video. Nilikuwa nimempigia mama wiki nzima kumfundisha pa kubonyeza. Jirani yake alikuwa amemwazima intaneti. Kila kitu kilikuwa sawa mpaka nilipokaribia ngazi, na hapo Dodoma umeme ukakatika. Msomaji wa majina alilikata jina langu vipande vitatu ambavyo sijawahi kuvisikia, nikapita, nikashikwa mkono, nikashuka. Mkenya alikuwa kwenye viti vya watazamaji anaipungia simu hewani kana kwamba itashika mtandao kwa kuinuliwa.

Tulimpata tukiwa tumeshatoka nje, kwenye maegesho ya magari, joho linanipika kwenye jua la mwezi wa tano. Uso wa mama ukatokea, gizani, anamulikwa na tochi.

"Tayari?" akauliza. "Umeshapita?"

"Nimeshapita, mama."

"Sikukuona."

"Najua. Kuna video, nitakutumia."

"Video nitaiangalia. Wewe sijakuona." Akaisogeza simu mpaka nikawa naona jicho na shavu tu. "Pita tena."

"Mama, hapa ni maegesho. Kuna magari."

"Nimesema pita."

Ningefanya nini? Nilimpa Mkenya simu. Nikavaa kofia vizuri, nikaenda mpaka kwenye pipa la taka, nikageuka, nikaanza kurudi katikati ya magari, mkono mmoja umeshika joho lisiburute kwenye lami. Bwana mmoja aliyekuwa anangoja nafasi ya kuegesha akapiga honi. Mkenya alinyoosha mkono wake wa kulia kunipongeza kama yeye ndiye mkuu wa chuo, simu kaishika kwa wa kushoto. Nikamshika mkono haraka ili nimpishe yule bwana.

"Usikimbie," mama akasema kwenye simu. "Simama hapohapo. Geukia huku. Sijamaliza kukuona."